Sikuacha Kazi, Niliachishwa

Jumatatu, tarehe tatu, mwezi wa tatu. Asubuhi ya manyunyu, yale yasiyokulowesha mara moja lakini ukifika uendako umeshalowa mpaka mifupa. Ukungu ulikaa juu ya mabati ya kiwanda chetu cha kufulia kama mvuke uliokosa pa kutokea.

Nilifika getini saa kumi na mbili na nusu, kama siku zote.

Mlinzi hakufungua.

Miaka tisa yule baba ananifungulia kabla sijagonga, na miaka hii miwili ya karibuni ananitania kabisa: "Mwanafunzi, jana mmefundishwa nini?" Siku hiyo alinitazama kupitia matundu ya geti kama mtu anayemtazama mfiwa ambaye bado hajapewa habari.

Kisha akapitisha karatasi kwenye tundu.

"Nimeambiwa nikupe hii, mama. Wanasema uliacha kazi Ijumaa."

Niliacha kazi...?

Mimi?

Ijumaa nilitoka pale jioni baada ya kupiga pasi mashuka ya hoteli mbili. Niliaga kila mtu. Nikasema tukijaliwa Jumatatu. Mtu aliyeacha kazi haagi hivyo!

Ndugu zangu mnaosoma, mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na minne, na kusoma nimejifunza juzi juzi tu, kwenye darasa la jioni la watu wazima. Sisomi kwa macho kama ninyi. Nasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, midomo ikinicheza. Basi nikasimama pale kwenye manyunyu, nikaweka kidole juu ya mstari wa kwanza.

"Mimi, mwenye jina hapo juu, ni-me-a-cha kazi kwa hiari yangu mwenyewe, na sina madai yoyote kwa mwajiri wangu."

Jina hapo juu lilikuwa langu, yote matatu.

Chini yake palikuwa na dole gumba la wino wa bluu.

Nililirudia lile neno mara tatu. Nimeacha. Nimeacha. Nimeacha.

Wiki mbili kabla ya hapo mwalimu wetu wa jioni aliandika ubaoni maneno matatu: nimeacha, nimeachwa, nimeachishwa. Akatuuliza tofauti. Mama mmoja wa dawati la nyuma akajibu kwamba yeye tofauti anaijua vizuri, maana mumewe huwaambia watu kuwa yeye ndiye aliyeacha, wakati ukweli ni kwamba aliachwa, na vyombo vyake akatolewa navyo. Darasa zima tulicheka mpaka chaki ikamdondoka mwalimu.

Sasa pale getini sikucheka.

Aliyeachishwa kazi ana haki zake. Ana notisi, ana likizo yake, ana kiinua mgongo. Aliyeacha mwenyewe anaondoka na mwavuli wake. Tofauti ni herufi nne tu, na mtu mmoja alikuwa amekaa mahali akaziondoa kwenye maisha yangu ya miaka tisa kama mtu anayetoa uzi kwenye shuka.

Ngoja niwaeleze ilivyoanza.

Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo redio ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kimepanda. Tulikuwa kwenye meza za pasi, tukapiga vigelegele. Mama Pacha, aliyekuwa meza ya pili kutoka kwangu, akasema kima wa chini ndiye sisi, na kima wa juu yuko mtini anakula ndizi na kutudondoshea maganda, kwa hiyo tushukuru kwamba safari hii ganda limekuja na nyama kidogo.

Bibi Pasi peke yake hakucheka. Yule mama ana miaka kumi na tisa pale. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna kola inayomshinda.

"Nyongeza ya mnyonge huja na mkasi," akasema.

"Mkasi wa kukata nini, bibi?"

"Wa kumkata mnyonge."

Kesho yake Tajiri mwenyewe alishuka kutoka ofisini kwake. Alisimama katikati yetu, mikono mfukoni, akasema serikali imetuongezea sisi mshahara lakini yeye haijamwongezea hata foronya moja ya kufua. Hoteli anazozifulia hazitaki kusikia habari ya bei mpya. Tulikuwa kumi na wawili. Alisema hesabu hiyo haiendi, kisha akapanda ngazi bila kusema itaendaje.

Sitasema uongo. Hoja alikuwa nayo. Pia alikuwa na mashine mpya inayofanya kazi ya watu wanne na gari jipya lililoegeshwa kivulini, lakini hoja alikuwa nayo.

Na kuanzia siku hiyo sumu ikaingia. Hakuna aliyetuambia tushindane, ila kila mtu alianza kupiga pasi kwa kasi huku akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Watu waliokuwa wakishikiana ncha za shuka miaka yote sasa walikunja peke yao, ili ionekane mkunjo ni wa nani. Mtu akikohoa, wengine wanageuka kuhesabu amekohoa mara ngapi. Nyongeza ilikuwa bado haijafika mikononi mwetu, lakini ilikuwa imeshatugombanisha!

Mimi sikuogopa sana. Nilikuwa na wifi yangu.

Wifi ni dada wa mume wangu, tumbo moja. Ndiye aliyeniingiza kazini pale. Alianzia kwenye beseni kama sisi, kisha miaka sita iliyopita Tajiri akampa usimamizi, na tangu hapo hajagusa pasi wala dawa ya kung'arisha. Anatembea na faili kifuani, kalamu sikioni. Kila asubuhi kabla ya kazi mimi naye tulikuwa tunaingia stoo, katikati ya magunia ya sabuni, tunashikana mikono na kusali. Mimi huomba, yeye huitikia Amina. Nilikuwa namwombea yeye kwanza, ndipo watoto wangu.

Mtu wa hivyo utamwogopa vipi?

Ijumaa ile alituita stoo mmoja mmoja. Alisema ni orodha ya mshahara mpya, tubonyeze dole gumba kama kawaida. Zamu yangu ilipofika nikakuta karatasi imefunikwa na faili lake. Kilichoachwa wazi ni kile kiboksi cha chini tu.

Nikamwambia, wifi, mimi siku hizi najua kuandika jina langu. Niache nisaini.

Nilisema kwa furaha. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya saini ile kwenye daftari kurasa nne nzima.

Wifi akatabasamu. "Yaache shuleni mambo ya shule. Wenzako wote wamebonyeza, wewe unataka kujitenga? Utaanza kuonekana unaringa."

Nikaona haya.

Nikabonyeza.

Hapa ndipo ninapojichukia mpaka leo. Mungu alikuwa amenipa macho mapya uzeeni, nikayafumba kwa sababu ya kuona haya. Faili lilikuwa limefunika karatasi na mkono wangu ulikuwa huru. Nilishindwaje kuliinua?

Turudi getini.

Kabla ya saa moja tulikuwa watano pale nje. Mimi, Bibi Pasi, Mama Pacha, na mabinti wawili wa beseni, wale mapacha wasio ndugu, wanaitwa hivyo kwa kuvaa sare. Kila mmoja na karatasi yake. Wenzangu hawakuwa wakijua kilichoandikwa. Mama Pacha alidhani ni barua ya kupandishwa cheo, maana ilikuwa na mhuri.

Niliwasomea moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa maneno yale yale.

Bibi Pasi aliuliza swali moja tu, kama karatasi ile inataja miaka kumi na tisa mahali popote. Nikamwambia haitaji. Akaikunja mara mbili, kingo kwa kingo, kama anavyokunja shati, akaitia kifuani.

Wifi akatoka. Hakufungua geti. Aliongea nasi kupitia matundu.

Nikamuuliza hii ni nini.

"Si mlibonyeza wenyewe? Nani aliwashika mkono?"

"Wifi, ulisema ni orodha ya mshahara."

"Mshahara umepanda, nafasi zimepungua. Kila mtu na riziki yake." Kisha akashusha sauti. "Ningeweza kuwataja saba, nikataja watano. Mnishukuru."

Mnasikia, ndugu zangu? Tumshukuru!

Yule niliyesali naye siku tatu tu kabla, mikono yangu mikononi mwake! Nilitaka kupitisha mkono kwenye lile tundu nimshike ushungi. Mlinzi aliniona, akasema polepole, "Mama, watoto," nikarudisha mkono.

Nyumbani mume wangu alisoma uso wangu kabla sijavua viatu. Nilimweleza yote. Akasema tusiharakishe, yule ni dada yake, mambo ya ndugu huzungumzwa chumbani. Nikamwambia kwamba karatasi ile haikuandikwa chumbani. Akasema nikienda ofisi ya kazi nitamwaibisha mama yake huko alikolala kaburini.

Niliingia ndani nikapiga magoti. Siku zote nasali kwa adabu, lakini siku hiyo niliongea na Mungu kama mtu anayegombana na jirani. Nilimwambia, kama ulinipeleka darasani miaka miwili ili nisome karatasi ya kufukuzwa kwangu, basi nieleze faida. Niliinuka, nikachukua mwavuli, nikawapitia wenzangu wanne, tukaenda.

Ofisi ya kazi ilikuwa chumba kimoja chenye feni isiyozunguka na mafaili yaliyorundikwa mpaka dirishani. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Alisoma karatasi zetu tano, akashusha pumzi.

Alitueleza bila kutuficha kitu. Karatasi zina majina yetu, zina madole gumba yetu. Kwa karatasi hizi sisi ndio tulioacha, na sheria humwamini aliyebonyeza.

"Hatukuacha," nikasema. "Tumeachishwa."

Akainua macho. "Nani amekufundisha tofauti hiyo?"

Nikamwambia darasa la jioni.

Alinitazama kidogo, kisha akavuta daftari lake na kuandika wito. Tajiri afike Alhamisi saa nne na kumbukumbu zote za wafanyakazi, pamoja na msimamizi aliyekusanya hizo alama.

Alhamisi walikuja.

Tajiri alikuja na shati jeupe ambalo bila shaka Bibi Pasi ndiye aliyelipiga pasi. Wifi alikaa nyuma yake, mikono ndani ya ushungi. Hakunisalimu. Faili nene likawekwa mezani.

Tajiri aliongea vizuri, kwa upole, kama mtu anayeonewa. Alisema tuliacha wenyewe baada ya kuona kazi imekuwa nzito, na sasa tumesikia mshahara umepanda tunataka kurudi. Kama hatukubonyeza, madole haya ni ya nani?

"Hilo ni swali zuri," afisa akasema, akatoa pedi ya wino. "Tuwajaribu."

Alianza na Bibi Pasi. Bibi akaweka kidole kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi nyeupe.

Kikatoka kidoa tu, doa la bluu tupu, kama tone lililodondoka kwenye kalamu mbovu.

Afisa akamfuta kidole kwa kitambaa, wakarudia. Doa lile lile. Akainuka, akamshika Bibi Pasi mkono, akampeleka dirishani kwenye mwanga, akavaa miwani.

"Mama, kazi yako ni nini?"

"Pasi."

"Na kabla ya pasi?"

"Beseni. Dawa ya kung'arisha."

Afisa alipitisha kidole chake juu ya kidole cha Bibi Pasi, taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

"Hakina mistari," akasema. "Kimekwisha."

Nikatazama changu.

Jamani... miaka tisa nakunja vidole hivi kwenye sala na sijawahi kuvitazama! Dole gumba langu lilikuwa laini kama kijiko. Tulibonyeza wote watano, na kati ya watano hakuna aliyetoa hata mstari mmoja. Mabinti wa beseni, wenye miaka mitatu tu pale, vyao vilitoa ukungu.

Nataka mnielewe hapa. Ile mistari Mungu aliichora mwenyewe, kila mtu ya kwake, tukiwa bado tumboni mwa mama zetu. Hakuna mfalme mwenye ya kwangu. Na pale, kwa dawa na chuma cha moto, tumefuta saini ya Mungu vidoleni mwetu ili wageni walale kwenye mashuka meupe! Kila mwisho wa mwezi tulibonyeza orodha ya mshahara, doa chini ya doa, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu mmoja ofisini aliyewahi kutazama kwamba pale hapana alama ya mtu!

Hasira niliyoisikia siku ile sikuipata hata getini.

Tajiri alijaribu kucheka. Alisema tumepaka mafuta.

Afisa hakumjibu. Alimgeukia wifi. "Na wewe, msimamizi. Hebu lete kidole."

Wifi hakutoa mikono ndani ya ushungi. Akasema yeye hahusiki, yeye ni wa kukusanya tu. Afisa akasogeza pedi ya wino kwenye ukingo wa meza, akasubiri. Feni haikuzunguka. Mtu akakohoa nje.

Akabonyeza.

Kikatoka safi, mistari yote, duara ndani ya duara. Kidole kilichopumzika miaka sita.

Afisa akazipanga karatasi zetu tano mbele yake, akaweka ile ya wifi katikati. Alivua miwani akaishika juu ya wino kama kioo cha fundi saa. Haikumchukua muda.

"Hawa watu watano," akasema, "wana kidole kimoja."

Wifi alianza kuongea akiwa anatazama sakafu. Alisema kwamba Ijumaa ile tulipobonyeza, alama zilitoka kama matone. Tajiri akazitazama, akasema afisa yeyote atacheka, akazichana. Akatoa nyingine mpya.

"Akaniambia nitafute kidole," wifi akasema. "Nikatafute kidole! Ningekitoa wapi?"

Tajiri akaruka pale pale. Alisema yeye hakumtuma huyu mama, alijituma mwenyewe kwa kujipendekeza. Afisa alipomkazia macho, akabadilika, akaweka viganja mezani.

"Nina mishahara saba mkononi na watu kumi na wawili mlangoni. Wewe ungefanya nini?"

"Ningewaambia," afisa akasema.

Tajiri akaondoa viganja mezani.

"Sheria inakuruhusu kupunguza watu," akaendelea. "Unawapa notisi, unawapa haki zao, unawatazama usoni. Haikuruhusu kuandika kwamba wamejipunguza."

Nilidhani yameisha. Mama Pacha alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha.

Lakini afisa alikuwa bado anapekua lile faili. Akasimama kwenye karatasi moja. Akaisoma, akaisoma tena, kisha akaniangalia mimi.

"Wewe mwanafunzi. Njoo unisomee hii kwa sauti."

Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Jina la kwanza... nikasita. La pili ni la ukoo wa mume wangu.

Lilikuwa jina la wifi.

"Mimi, mwenye jina hapo juu, nimeacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe, na sina madai yoyote..."

Tarehe ilikuwa ya mwisho wa mwezi ule ule, siku ambayo ilikuwa bado haijafika.

Wifi akacheka. Naapa, alicheka kwanza. "Acha utani, wewe. Hiyo ni ya akiba."

"Ya akiba gani?"

"Aliniambia nibonyeze sita. Moja ya akiba, isije nyingine ikaharibika." Akamgeukia Tajiri. "Si ndivyo, Tajiri?"

Tajiri alikuwa anatazama dirishani.

Nikamuuliza. "Wifi. Hukuisoma?"

Akanigeukia mimi.

"Ningeisoma kwa macho ya nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Lile faili la miaka sita! Ile kalamu sikioni! Vile vimistari na viduara alivyokuwa akiandika, nilidhani ni mwandiko wa haraka wa wakubwa. Kumbe mtu aliyeniambia niyaache shuleni mambo ya shule hakuwa akijua hata herufi moja, na aliogopa nisije nikamwona.

Na sasa tazameni mtego ulivyokaa. Karatasi sita. Tano za uongo, kwa hiyo tano zimeanguka. Ya sita ndiyo pekee yenye kidole cha kweli cha mwenyewe. Tajiri aliliona hilo kabla yetu sote, akageuka kutoka dirishani.

"Hiyo sasa ni alama yake," akasema. "Hiyo haina ubishi."

Nitawaambia ukweli, Mungu ananiona. Nilifurahi. Kwa pumzi mbili, tatu, nilifurahi mpaka nikasikia utamu mdomoni. Niliona nikae kimya tu. Sikuhitaji kufanya lolote. Karatasi ingemla yeye kama alivyotaka itule sisi, na mimi ningekwenda nyumbani kumpikia kaka yake.

Pumzi ya nne nikalikumbuka lile faili lililofunika karatasi yangu Ijumaa ile.

"Afisa," nikasema, "huyu hakusomewa. Andika hapo kwamba hakusomewa. Sisi hatukuacha, na yeye pia hakuacha."

Afisa akaandika.

Wifi hakusema asante, nami sikuisubiri.

Mnataka kujua yaliyofuata. Tajiri alipewa wiki moja: ama aturudishe kwa mshahara mpya, ama atuachishe kwa neno lake halisi na haki zake zote. Alipopiga hesabu ya kutuachisha kihalali akaona ni ghali kuliko kuturudisha, kumbe ile hesabu isiyokwenda ikaanza kwenda. Alipandisha bei ya shuka. Hoteli moja ilihama, nyingine zikanung'unika zikabaki. Zamu ya Jumapili ikafutwa, na hilo linatuuma, sitaficha. Bibi Pasi hakutaka kurudi. Aliomba kitu kimoja tu, barua yake iandikwe "nimemwachisha", na miaka kumi na tisa itajwe kwa maneno, isiwe kwa tarakimu. Niliisoma mbele yake mara tatu. Wifi alivuliwa usimamizi, akarudishwa kwenye beseni.

Kuna wanaosema afadhali kima kisingepanda, tungebaki na amani yetu. Hao nawaambia hiyo haikuwa amani, ni kwamba tulikuwa bado hatujafungua mdomo. Kuna wanaosema kima kikipanda basi maskini ameokoka. Hao nao waje watazame vidole vyangu. Sheria nzuri ikishuka kutoka juu inapita mikono mingi, na mkono wa mwisho unaweza kuwa wa mtu uliyesali naye asubuhi. Kama hujui kusoma, nenda darasani, hata kama mvi zimekutangulia. Kama unajua, usione haya kuinua faili. Haya yangu ya dakika moja ilikuwa inipokonye miaka tisa!

Jumatatu tuliyorudi, Tajiri alishuka na mikataba mipya na pedi ya wino. Watu wakapanga mstari, dole gumba tayari, kama tulivyozoea. Mimi nikatoka kwenye mstari. Nikachukua mkataba mmoja mezani, nikapanda juu ya kreti la sabuni, nikausoma wote, silabi kwa silabi, kurasa mbili. Ilinichukua karibu nusu saa. Tajiri alitazama saa yake mara nyingi. Mashine zilisimama. Mlinzi aliacha geti akaja kusimama mlangoni. Hakuna aliyesogea.

Nilipomaliza, nikashusha karatasi, nikasema kwa sauti, mbele ya Tajiri, mbele ya mlinzi, mbele ya wenzangu wote na wifi yangu aliyesimama nyuma kabisa, mikono ikimchuruzika maji ya dawa:

"Mungu akiwa shahidi, na ninyi mkiwa mashahidi, naahidi. Hakuna karatasi itakayobonyezwa humu ndani kabla sijaisoma kwa sauti mpaka nukta ya mwisho. Nikikwama kwenye neno, tutakaa hapo hapo mpaka nilijue. Na wewe pia, wifi. Kukusamehe bado sijaweza, hilo naendelea kuliomba. Lakini kusoma, nitakusomea."